Kiti cha Kezia

Kabanga, Ngara
9 Februari 2025

Mdogo wangu Kezia,

Mimi dada yako Deodata ni mzima, isipokuwa magoti, nayo si ugonjwa, ni umri. Anayeandika ni Irine, mke wa mwanangu Danstan, maana mimi na kalamu hatujuani. Nimemwambia aandike kila ninachosema asipunguze, kwa sababu mara ya mwisho niliongea mchana kutwa ikatoka karatasi moja. Amecheka. Irine, andika kwamba umecheka.

Huku mvua ipo, maharage yanapanda vizuri, ila ngedere wameingia kwenye mahindi ya jirani na yeye anasema ni ngedere wangu, sijui niliwazaa lini. Padri amebadilishwa. Huyu mpya anahubiri kwa kifupi mpaka unatoka kanisani hujakaa sawa kwenye benchi.

Kukupigia simu nimeacha. Wewe unasema alo, mimi nasema ni Deodata, wewe unasema alo, vocha inaisha. Masikio yako yaliyokataa yameturudisha kwenye barua kama wakati wa baba. Nampa Bulugu, yule kondakta wa basi, ataiacha mgahawani kwa Ernesta, stendi ya Biharamulo, nawe ukija gulioni utaichukua.

Sasa jambo lenyewe. Danstan amesema kutoka Mwanza kwamba mwezi wa sita atatupandisha meli sisi wawili, Bukoba mpaka Mwanza, tutembee tu, tusiwe na msiba wala mgonjwa. Unakumbuka baba alivyokuwa anasindikiza kahawa bandarini, akirudi anatuambia kuna nyumba inaelea, ina ngazi, ina taa, watu wanapika humo? Wewe ukamuuliza, na kuku wanalala wapi? Mimi sijasahau. Tuliahidiana tutaipanda pamoja, wewe hata meno ya mbele ulikuwa huna.

Danstan anasema meli ziko mbili. Moja ya kawaida, unakaa kwenye kiti, mzigo wako miguuni. Nyingine ni ya bei, mnapewa chumba cha watu wawili, vitanda viwili, choo humohumo, mlango unafungwa. Bei yake mara tatu. Nikamuuliza, hiyo ya kawaida inachelewa? Akasema hapana, zote zinafika asubuhi. Sasa kama zote zinafika asubuhi, hiyo hela nyingine inalipia nini? Usingizi? Usingizi ninao hapa nyumbani na sijaumaliza. Hiyo tofauti, kwa tiketi mbili, inanunua mbuzi jike mwenye mimba. Meli unashuka unaiacha, mbuzi anabaki. Akizaa, mtoto wa kwanza ni wako.

Nijibu. Salimia watoto na wajukuu, na yule jogoo wako mkorofi kama hamjamla.

Dada yako,
Deodata


Kaniha, Biharamulo
2 Machi 2025

Dada Deodata,

Shikamoo. Sisi wazima. Jogoo tulimla Krismasi.

Nimefurahi sana kusikia habari ya meli. Kuku wa baba sijawasahau.

Dada, naomba twende na ile yenye chumba. Nitaongeza mimi, nina magunia mawili ya karanga sijauza. Sababu ninayo, ila si ya kuandika. Kama unaweza, njoo Kaniha hata siku mbili kabla ya safari, tukae tuongee. Hujafika kwangu tangu tulipomzika mume wangu, huu ni mwaka wa tisa.

Kama huwezi kuja, basi muulize Danstan, katika ile ya kawaida choo kiko umbali gani kutoka kwenye viti.

Msalimie Irine anayesoma.

Kezia


Kabanga
23 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hiyo shikamoo imelala kwa Ernesta wiki mbili, imenuka sambusa.

Nashukuru mko wazima. Mimi hapa nimeng'olewa jino. Aliyening'oa ni kijana mdogo, nikamuuliza wewe uliacha kunyonya lini, akasema bibi funga mdomo, nikamwambia nikiufunga utang'oa nini. Tukaelewana.

Haya. Barua yako Irine amenisomea mara mbili. Alipofika kule chini akaanza kusoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, nikamwambia soma, akasema maandishi hayaonekani vizuri. Mbona juu yalionekana.

Kezia, unaniuliza choo. Unakwenda kuona ziwa au kuona choo? Danstan nimemuuliza, akacheka mpaka simu ikakatika, halafu akasema choo kipo, kiko chini, kuna ngazi, na watu ni wengi wanapanga foleni kidogo. Si ndiyo maisha? Kwenye gulio la Kabanga tunapanga foleni na Warundi na wabadilisha faranga na hakuna aliyekufa.

Nikueleze ukweli, hicho chumba sikitaki. Watu wazima wawili kufungiwa kwenye kisanduku juu ya maji, mmefunga mlango, ziwa lenyewe mtalionea wapi? Kule kwenye viti kuna watu, kuna hadithi, kuna mama anauza chai. Karanga zako uza ununue mabati. Wewe tangu uolewe huko Biharamulo umependa mambo ya kujitenga. Hata kwenye harusi ya Danstan ulikaa peke yako kule nyuma karibu na mlango, ukaondoka watu hawajala keki. Nilinyamaza, lakini niliona.

Kuja Kaniha siwezi. Maharage yanataka kupaliliwa, halafu yatataka kuvunwa, halafu yatataka kupigwa. Unajua maharage hayana adabu, hayangoji mtu. Hilo neno lako la siri utaniambia kwenye meli, tuna usiku kucha.

Nimeshamwambia Danstan: ya kawaida, mwezi wa sita tarehe ishirini na nne. Mbuzi nimemwona tayari, wa Hategekimana, mweusi, ana doa jeupe puani.

Dada yako,
Deodata


Kaniha
1 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Mahindi yalinishika.

Sawa. Twende kama ulivyopanga. Nitakungoja stendi ya Biharamulo tarehe ishirini na nne.

Kezia


Kabanga
13 Julai 2025

Kezia,

Sina salamu nyingi. Irine ameandika "mdogo wangu", nimemwambia afute.

Nakueleza safari kama vile hukuwepo, kwa sababu kwangu mimi hukuwepo.

Ulipanda basi pale Biharamulo ukiwa umejifunga khanga tatu kiunoni kwenye jua lile. Nikakununulia soda, ukasema huna kiu. Chai, huna kiu. Muleba nikakununulia ndizi za kuchoma, ukala moja, maji ukakataa. Nikasema huyu amefunga, walokole wa huko wamemwanzishia mfungo mpya. Njiani ulimwomba dereva asimame mara tatu, watu wakaanza kuguna, Bulugu akakutetea kwa sababu anakujua kwa barua. Mimi nikakaa nikitazama dirishani kana kwamba hatukupanda pamoja. Hilo nalo nalisema.

Tukafika bandarini. Tukapanda. Ukaona viti, ukaona ile ngazi ya kushuka chooni na watu walivyojipanga mpaka katikati ya ngazi. Ukasimama. Ukasema, "Dada, kichwa kinauma, mimi narudi." Nikakuuliza taratibu, hukusikia. Nikauliza kwa nguvu, hukusikia. Basi nikapiga kelele, kwa sababu bila kelele wewe huelewi, nikasema si kichwa, ni maringo, unataka kitanda cha Wazungu, na mimi ninayelala kwenye mkeka nina nini kibaya. Watu wote wakageuka. Hilo ulilisikia. Ukanipa kapu la karanga za kumpelekea Danstan, ukashuka. Sikukufuata. Nilidhani utafika chini ugeuke. Kumbe ni mimi niliyekuwa nageuka kila saa.

Kezia, ziwa sikuliona. Niliweka kapu lako kwenye kiti chako. Kila aliyepita akauliza, bibi, hapa pana mtu? Nikasema pana mtu. Akaja mwanamume na suti, nikamwambia pana mtu. Akaja mama na mtoto mgongoni, nikamwambia pana mtu, amekwenda chooni, anarudi. Mkagua tiketi akasema bibi, huyo mtu wako ameshinda huko chooni. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hivyo hivyo mpaka Mwanza. Mama mwenye mtoto alisimama usiku kucha kwa sababu ya karanga.

Wakati wa kurudi basi lilipita Biharamulo, likasimama karibu nusu saa. Sikushuka. Nilikuwa na hasira.

Mbuzi nimemnunua. Yupo.

Deodata


Kabanga
21 Septemba 2025

Mdogo wangu Kezia,

Hakuna shikamoo yako ya kuitikia, basi nakusalimia mimi niliye mkubwa. Umeona wapi? Lakini nakusalimia.

Bulugu anasema barua yangu haipo tena kwa Ernesta, kwa hiyo unayo. Nilimwuliza anakuona? Akasema anakuona gulioni, unauza karanga, umekonda kidogo. Nikamwambia kidogo kiasi gani, akasema bibi, mimi ni kondakta, si mzani.

Mbuzi amezaa. Jike. Ana doa kama la mama yake. Ni wako, nilisema na nimesema. Nimemfunga mguuni kitambaa chekundu ili watu wajue ana mwenyewe. Kila asubuhi namwona na kitambaa chake, naanza kuona kwamba kile kiti chako nilikiuza tangu mwezi wa pili, na huyu ndiye bei yake.

Danstan amenikaripia. Alisema, mama, hela nilitoa ya chumba, nani alikutuma kubana? Nikamwambia mimi sikusoma, lakini hesabu naijua. Akasema hesabu uliijua, mtu hukumjua. Siku hizi watoto wanasema maneno.

Kama una hasira andika una hasira. Unitukane. Irine atanisomea, nami nitakaa nisikilize.

Deodata


Kabanga
16 Novemba 2025

Mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Hii barua nilianza kukuandikia juma lililopita kwa ubaya. Nilikaa hapa kwenye jamvi, Irine na karatasi yake, nikamwambia andika: Kezia, naona maringo yako bado hayajaisha. Irine hakuandika. Nikamwambia andika. Akaweka kalamu chini. Irine huyu, ambaye tangu aolewe hajanijibu neno, hata nikimwonea.

Akasema, "Mama, mama mdogo hakushuka kwenye meli kwa maringo."

Nikasema, "Wewe ulikuwepo?"

Akasema, "Sikuwepo. Lakini barua zake nimezisoma mimi. Mtu anayeuliza choo kiko wapi kabla ya safari, asiyekunywa maji safarini, anayejifunga khanga tatu kwenye jua, anayekaa karibu na mlango harusini. Mama, mimi namjua mtu huyo."

Nikamwuliza, "Unamjuaje?"

Kuku wakaingia ndani, tukawaacha. Halafu akasema, "Kwa sababu na mimi hukaa juu ya khanga iliyokunjwa, mama. Tangu uzazi wa mwisho. Mkojo haunisubiri."

Miaka minne, Kezia. Nakaa naye jiko moja miaka minne. Nilikuwa nasema huyu binti anafua khanga kila siku kama mke wa askari anayesubiri ukaguzi. Nilikuwa nasema mbele ya wageni. Nikamwuliza mbona hukuniambia? Akasema, "Ningekuambiaje, wewe ni mama mkwe wangu." Akasema pia kwamba alipofika kwenye maneno yako ya choo alielewa yote, akashindwa kusoma, na akashindwa kunieleza, kwa sababu ningeuliza anajuaje.

Nimemwambia aandike haya yote. Nimemwuliza mara mbili, niandikishe na la kwako? Amesema niandikishe, amechoka kulificha. Anaandika sasa hivi na anafuta macho kwa kiganja, wino umechafuka hapo juu, utaona.

Ndipo nikaona ujinga wangu wote. Uliniomba nije, sikuja. Ungeniandikia vipi jambo kama hilo, lipitie kwenye mdomo wa mkwe wangu? Na hata pale bandarini ungeninong'oneza, mimi ningejibu kwa kelele, meli nzima ingejua. Tumebishana bei miezi mitano, na shida yako haikuwa bei.

Na mimi nikuambie langu, kwa sababu na mimi nilikudanganya. Hicho chumba sikukikataa kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi alikuja baadaye, nilimtafuta ili nipate la kusema. Naogopa mlango uliofungwa. Unakumbuka bibi aliponifungia kwenye chumba cha mtama kwa kumwaga maziwa, akaenda msibani akanisahau? Danstan aliposema mlango unafungwa, mimi nilisikia komeo lile. Mwanamke wa miaka sabini na minne. Niliona haya, nikasema ni hela. Nawe ndiye uliyenifungulia siku ile, ulipanda juu ya mtungi ukalifikia komeo. Ulikuwa na miaka mitano. Ningekuambia tu, ungeniachia mlango wazi kidogo, na mimi ningekaa hapo mlangoni kukulinda watu wasichungulie. Kile chumba kingetutosha sote wawili.

Mbuzi nimemuuza, mama mtu. Mtoto sijamgusa, ni wako. Nimemwambia Danstan aulize tena ile meli ya bei. Anasema atajitahidi mwakani, kiwandani kwake wamepunguzwa watu. Lakini itapatikana. Sema neno moja tu, na mimi nitakaa chumbani, mlango wakiufunga wakiuacha.

Nimekukosea mbele za watu. Ningekuwa na njia ningerudi pale kwenye ngazi niseme kwa kelele ileile kwamba nimekosa.

Dada yako,
Deodata


Kaniha
7 Desemba 2025

Dada Deodata,

Shikamoo.

Barua zako zote nimezipata. Ile ya Julai niliisoma mpaka pale mkagua tiketi aliposema nimeshinda chooni, nawe ukacheka nao. Nikaiweka. Sikuweza kuendelea wala kujibu. Nilidhani umejua na unanicheka. Sasa naona hukujua.

Yalinianza kwa yule mtoto wangu wa mwisho, aliyekwama kwenye njia ya uzazi siku mbili, tukafika hospitali amekwisha kufa. Mume wangu alijua. Hakuwahi kuniambia neno baya, alikuwa ananitekea maji mwenyewe usiku ili wanangu wasihesabu ndoo. Yeye alipokufa hakubaki mtu wa kumwambia. Nikasema dada akija nitamwambia. Miaka tisa nilikungoja uje unizoee kidogo, ndipo niseme.

Meli iache, dada. Usimsumbue Danstan. Nilikuwa na hamu nayo tangu mtoto na hamu iliniisha pale kwenye ngazi. Si kwamba nina hasira. Imeisha tu. Kuku wa baba walale wanapolala.

Komeo nalikumbuka. Ulipotoka hukulia, ulinishika mkono, ukanivuta tukaenda mtoni, hukuuachia mpaka jioni.

Njoo kwa basi. Usiandike kwanza. Godoro la wageni nimelitoa juani, na mlango wa chumba kile haujawahi kuwa na komeo. Mtoto wa mbuzi uje naye kama Bulugu atakubali.

Kezia

Irine mwanangu, hapa chini usimsomee kwa sauti. Kwangu palikuwa hapana dawa, au nilikuwa sijui kwamba ipo. Nesi wa hapa zahanati ameniambia siku hizi wako madaktari wanaotibu, na kwa aliye kijana kama wewe inashika vizuri. Usingoje uzee kama mimi. Nimeziuza karanga, hela ya gunia moja ni yako, ipo kando. Njoo na mama yako mkwe, tutakwenda sisi watatu, na basi litasimama kila tutakapotaka lisimame.

Akikuambia habari ya maharage, mwambie Kezia amesema yangoje.